Nguvu za Kuazima

Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ya Marekani ilitoa toleo maalumu la X-Men lililokifufua kikosi hicho cha mashujaa wa katuni. Mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walikusanya sura mpya kutoka nchi mbalimbali, na mmoja wao alikuwa msichana wa nywele nyeupe aliyekutwa Kenya, Ororo Munroe, ambaye ulimwengu ulikuja kumzoea kwa jina la Storm. Anapotokea mara ya kwanza, wanakijiji wanamwomba mvua kama watu wanaomwomba mungu, naye anawanyeshea. Halafu anafika Profesa Xavier, bwana mwenye uwezo wa kusoma mawazo, na kumwambia kwamba yeye si mungu hata kidogo. Ni mutanti, mtu aliyezaliwa na kitu cha ziada katika vinasaba vyake, tena ana wajibu. Ororo anakubali, anafunga safari. Wale waliomtegemea wanabaki nyuma, na hadithi haina muda wa kuuliza watapanda nini msimu ujao.

Sasa tazama Kenya ile ile, ila ya kweli. Huko Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kama watu wa mvua. Wazee wake husoma dalili katika vichaka vya asili wanavyovitunza kama mahali patakatifu: miti inayopukutisha majani na inayochanua, mwenendo wa ndege na wadudu, mwelekeo wa upepo. Wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya wamefikia hatua ya kukaa nao, wakalinganisha utabiri wa mitambo na ule wa wazee, kisha wakulima wakapewa neno moja. Kama wazee hawa wana nguvu au wana elimu tu, mjadala huo usitucheleweshe. Kinachogusa mada yetu ni namna uwezo huo ulivyokaa: ni wa ukoo, umefungamana na mahali, una warithi, una watu wenye haki ya kuudai, na mzee akikosea, jirani zake ndio wa kwanza kumuuliza. Profesa hawezi kushuka pale, akamchukua mmoja wao, akaondoka na mvua.

Lawama za kawaida juu ya katuni zinazochota visasili vya Afrika huishia kwenye majina na mavazi. T'Challa, M'Baku, W'Kabi: ritifaa zimemwagwa kama chumvi, ilhali kwetu ritifaa ina kazi moja ya heshima, kututenganishia ng'oa na ngoa. Wakanda, nchi yao ya katuni iliyobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, ina majirani waitwao Niganda na Narobia, nchi ambazo bila shaka zilipatikana kwa mtu aliyesikia Uganda na Nairobi kupitia redio mbovu. Mungu wao ni Bast, paka wa Misri ya kale. Katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, M'Baku anamtukuza Hanuman, ambaye Wahindu wanajua ni wao. Lawama hizi ni za haki, lakini ni ndogo. Majina hurekebishika kwa kalamu nyekundu. Tatizo zito zaidi liko katika jibu la swali ambalo kila katuni ya aina hii hulijibu bila kujua kwamba imeulizwa: nguvu ni nini, na ni za nani? Katika utamaduni wa X-Men, nguvu ni mali ya mwili. Umezaliwa nazo, unazibeba popote, hakuna anayekudai. Katika visasili vyetu, karibu kila mahali ninapotazama, nguvu ni za kuazima. Zina mwenyewe, zina masharti, zina miiko, na zina siku ya kurudishwa. Methali inayoicheka nguo ya kuazima kwamba haisitiri matako inajua inachosema, lakini mashujaa wa masimulizi yetu hawana nguo nyingine.

Tofauti hii inaonekana wazi kuliko popote pale katika nguvu za akili: kusoma mawazo, kuingia katika nafsi ya mwingine, kupigana bila kunyanyua mkono. Neno telepathia halina ukale wowote. Lilibuniwa mwaka 1882 na Frederic Myers, mmoja wa waanzilishi wa chama cha London kilichojitwika kazi ya kuchunguza mambo ya roho kwa njia za kisayansi. Ilikuwa enzi ya simu za waya. Waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulikuwa umeshafika Zanzibar mwaka 1879. Haishangazi kwamba watu wa wakati ule walifikiria kichwa cha binadamu kama ofisi ya telegrafu, wazo likitoka kwa huyu na kupokewa na yule bila mtu wa kati. Profesa Xavier ni mjukuu wa fikra hiyo, na mtambo wake wa Cerebro ni ofisi ya telegrafu iliyopanuliwa. Akili kwake ni chombo, na mwenye chombo ni yeye.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mapokeo tofauti kabisa kuhusu nafsi mbili kukutana ndani ya kichwa kimoja. Mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Neno hilo peke yake linatosha kuandikiwa kitabu: kiti hakiketi, huketiwa. Pepo akishapanda, anaulizwa jina lake, kwao wapi, anataka nini, na mara nyingi hujibu kwa lugha au lafudhi ambayo si ya kiti chake. Zanzibar kuna pepo wa kibuki, wanaohusishwa na Bukini na Ngazija, wenye hadhi ya kifalme na wanaopenda kunywa brandi, jambo ambalo kiti mwenyewe, akiwa Mwislamu mzuri, hangelifanya kwa hiari yake. Kuna masheitani ya rubamba ya Pemba, yenye tabia na ngoma zao. Lengo la shughuli si lazima liwe kumfukuza mgeni. Mara nyingi ni kupatana naye: apewe ngoma yake, uvumba wake, chano chake, naye amwache kiti na afya yake. Mganga anaongoza mapatano, wanakikundi wanaitikia, jamaa wanalipa gharama. Ni jambo la watu wengi.

Linganisha na Amahl Farouk, ambaye Chris Claremont na John Byrne walimwingiza katika X-Men mwaka 1979. Yuko Cairo, anatawala wezi wa mjini, na ndiye mtu wa kwanza mwenye nguvu za akili kama Xavier ambaye Xavier anamkuta. Wanapigana katika ulimwengu wa nafsi, miili yao ikiwa imekaa tu mezani, na Farouk anakufa. Baadaye waandishi wakafunua kwamba Farouk alikuwa kitu cha kale kinachohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, Shadow King. Kwa maneno mengine, ni pepo. Katuni hiyo ilipofika Afrika, ikakutana na pepo, na haikujua la kumfanyia isipokuwa kumuua. Haikumuuliza jina wala anachotaka. Hilo si kosa la chuki. Ni matokeo ya kuamini kwamba nafsi ni nyumba ya mtu mmoja, hivyo kila anayeingia ni mwizi. Mwandishi aliyekulia karibu na ngoma ya pepo angeona hapo nafasi ya sura nzima ya mazungumzo, ya vichekesho hata, kwa sababu pepo hudai vitu vya ajabu na mume wa kiti ndiye anayetumwa dukani.

Kuhusu kikosi, nadhani wengi wanakosea wanaposema kwamba kundi la mashujaa ni wazo la Kimarekani lisilo na mizizi kwetu. Hebu tuwatazame Bachwezi, wanaosimuliwa kuanzia Bunyoro na Nkore hadi Karagwe na Buhaya. Kwa Wahaya wa Kagera, Wamara ana himaya yake, Mugasha ana ziwa na dhoruba zake, Irungu ana nyika na mawindo, Kazoba ana jua, Ryangombe ana ng'ombe. Mhariri wa New York angepewa orodha hii angefikiri ni pendekezo la jarida jipya, kila mmoja na rangi yake. Lakini sikiliza simulizi mojawapo inavyokwenda. Wamara na wenzake wanateremka kuzimu kwa Kintu, wanakaribishwa, wanapewa ng'ombe na mbegu, wanarudi juu na neema imejaa nchini. Kisha wanasahau kurudi kushukuru. Kintu anaagiza wafuatwe, na mfuataji ni Rufu, yaani Kifo. Adui wa kikosi hiki hakutoka sayari nyingine na wala hana tamaa ya kuitawala dunia. Ni mdai. Na baada ya kutoweka, Bachwezi hawakuisha. Walianza kuwapanda watu, wakawa na waganga wao na viti vyao, wakasemea vinywani mwa wakulima wa kawaida. Kikosi kilichokufa kikaendelea kufanya kazi ndani ya akili za walio hai: hapo nguvu za akili na visasili na kundi vimekutana mahali pamoja, bila kulazimishwa.

Ukiwa na ufunguo huo, mashujaa wengine wanajipanga wenyewe. Lwanda Magere wa Wajaluo ana mwili wa jiwe usiopenyeka, lakini maisha yake yamo katika kivuli chake, na siri hiyo inavuja kupitia mke aliyetoka kwa maadui zake. Fumo Liyongo, ambaye utendi wake tunaujua kwa mkono wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni, mahali pale alipofungwa na mama yake kabla hajawa mtu wa peke yake. Mwindo wa Wanyanga, huko Kivu, ambaye utendi wake ulichapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, huzaliwa akizungumza na kushika usinga wa ajabu. Hata hivyo vazi lake la chuma hafui mwenyewe. Wanamfulia wajomba zake. (Tony Stark, tajiri wa silaha aliyejitengenezea deraya lake mwaka 1963, hatajwi kuwa na mjomba aliyemsaidia kufua chuma.) Na Mwindo anapomuua dubwana Kirimu bila kujali kwamba lina udugu wa damu na Nkuba, bwana wa radi, Nkuba anampandisha mbinguni kumtia adabu, mwaka mzima wa baridi na jua, mpaka ajue kwamba ushindi nao una wa kuuliziwa.

Si kwamba katuni za Marekani hazijajaribu. Ta-Nehisi Coates alipokabidhiwa Black Panther mwaka 2016, pamoja na mchoraji Brian Stelfreeze, alikaribia kuliko wote waliomtangulia. Zenzi, mwanamke wa Niganda, ana nguvu za akili, lakini hapandikizi wazo geni kichwani mwa mtu. Anaichomoa hasira iliyokuwa imelala humo. Kwa hiyo swali la ukurasa si nguvu zake zinafika wapi. Ni hasira hiyo ilitoka wapi, na jibu linamrudia mfalme T'Challa. Shuri, dada wa mfalme, mwili wake ukiwa kati ya uhai na umauti, nafsi yake inatembea Djalia, uwanda wa kumbukumbu za Wakanda, ambako manju mwenye sura ya mama yake anamsimulia visa vya wahenga. Visa hivyo ndivyo vinavyokuwa nguvu zake anaporejea. Anaazima kutoka kwa masimulizi, na anajua ameazima. Mwisho wake mfalme analazimika kukubali katiba. Ninamsamehe Coates hata ile shule aliyoiita Hekima Shule, ambayo kila mtoto wa darasa la pili angemsahihishia iwe Shule ya Hekima. Angalau alipoomba neno, aliomba kwetu.

Lagos nako kuna jaribio la kutazamwa kwa makini. Comic Republic, iliyoanzishwa na Jide Martin mwaka 2013, imejenga kundi zima la mashujaa wa Kinijeria. Ndani yake yumo Eru, ambaye jina lake kwa Kiyoruba ni hofu, na ambaye kwa siku za kawaida ni mhadhiri wa chuo kikuu. Na yumo Aje, jina linalobeba uzito wa wanawake wenye nguvu za siri wanaoogopwa na kubembelezwa pia. Wayoruba wana ngoma nzima ya vinyago, Gelede, ya kuwatuliza akina mama hao na kuwaheshimu, iliyomo katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika. Hapo pana utajiri. Ninachokitilia shaka ni kishawishi cha kumvisha kila mmoja nguo ya kubana, kumpa adui wake, na kumwacha apigane peke yake mpaka kurasa ziishe, kana kwamba nguvu ya Aje haina mama wengine wanaoitazama.

Kuna watakaosema visasili havikuwahi kuwa mawe. Kila msimulizi hubadili. Ni kweli kabisa. Liyongo tunayemjua alipangwa upya na Kijumwa, na kabla yake na watu wengi tusiowajua, na wala sidai kwamba wachoraji wawe makarani wa jumba la makumbusho. Mbadilishe Liyongo, mpe pikipiki ukitaka. Ninachosema ni kwamba ukimwondolea kitovu, yaani ule udhaifu unaomrudisha kwa mama na kwa mwana atakayemsaliti, hujabadilisha hadithi yake. Umeandika nyingine na kuiba jina.

Pingamizi lililo na makali zaidi ni hili: masharti na miiko ndiyo kichaka cha matapeli. Dawa isipofanya kazi, mganga anasema ulivunja mwiko. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ambayo yangegeuza risasi kuwa maji, akafungamanisha watu wa lugha nyingi dhidi ya Wajerumani, na alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Risasi hazikugeuka. Wapo waliosema baadaye kwamba masharti yalivunjwa, kwamba wapiganaji walipora au walilala na wanawake. Makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi kwa njaa iliyoletwa na jeshi lililochoma mashamba na maghala. Siwezi kulipuuza hilo, na sitaki mchoraji alipuuze. Lakini ndiyo sababu hasa ya kuyaweka masharti katikati ya ukurasa. Ebrahim Hussein alipomwandikia Kinjeketile mchezo wa kuigiza mwaka 1969, hakuandika shujaa asiyepigika; aliandika mtu aliyelemewa na neno lililotoka kinywani mwake likakua kuliko yeye. Nguvu inayoweza kukosa, na watu wanaopaswa kuamua kama wataendelea kuiamini: hilo ni jambo ambalo Superman hawezi kulipata hata akipewa miaka mia nyingine.

Wengine wanaogopa zaidi ya utapeli. Katika nchi ambazo watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, ambako vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa sababu moshi wa jikoni umewatia wekundu machoni, na wazee wa Kilifi wanaitwa wachawi na warithi wanaotaka shamba, je, ni busara kuwapa vijana katuni za nguvu za siri? Wakoloni waliamua kwamba dawa ni sheria, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, na sheria hizo zimekaa sana vitabuni. Mwaka 2015 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli. Hofu hii naiheshimu. Lakini angalia mantiki ya muuaji wa mtu mwenye ualbino: anaamini nguvu imo ndani ya nyama, kwamba inaweza kukatwa, kuuzwa na kuhamishwa kwa mnunuzi. Kati ya mikondo miwili niliyoieleza, huo unafanana na upi? Katuni zenyewe zimeshafika huko. Mwaka 2001, katika New X-Men, Grant Morrison alibuni kundi la U-Men, watu wa kawaida wanaowakata mutanti viungo na kujipandikizia ili wapate uwezo wao. Alikusudia kutisha, na alitisha kwa sababu alifuata wazo la nguvu-katika-mwili mpaka mwisho wake. Nguvu iliyo deni haikatwi kwa panga; ukimuua aliyeazima, deni linakuhamia wewe.

Ama kwamba hizi ni burudani tu, sina la kujibu ila kwamba ngoma ya pepo nayo ni burudani, kama vile utendi ulioimbwa usiku kucha.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa hadithi za picha. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, Juha Kalulu wa Edward Gitau akadumu kwa miongo katika Taifa Leo, jarida la Sani likalea Ndumilakuwili na wenzake, na mwaka 2010 Shujaaz ikaanza kusambazwa Kenya kwa Sheng, jina lake likiahidi mashujaa na mhusika wake mkuu akiwa kijana mwenye redio ya kujitengenezea. Mapokeo yetu ya katuni yamependa wanyonge, wajanja na walaghai wadogo. Yalimcheka mwenye nguvu kabla hayajamchora. Ndiyo maana nadhani mchoraji wa Dar es Salaam au Mombasa ana nafasi asiyokuwa nayo wa Los Angeles: anaweza kuchora kikosi cha watu wenye uwezo wa ajabu ambao bado wanadaiwa kodi ya nyumba na mizimu kwa wakati mmoja. Matatizo ya ufundi yapo. Wazo linalosomwa na Xavier huchorewa kiputo chenye kingo za mawimbi. Pepo anayesema kwa kinywa cha kiti anahitaji mwandiko wake, lahaja yake, labda hata upande wake wa ukurasa, na msomaji lazima aone kwamba wawili wamekaa pale palipo na mmoja.

Na ukurasa wa kwanza kuchorwa ningependa uwe wa Liyongo akiwa ameshachomwa. Amepiga goti njiani karibu na kisima, upinde umevutwa, amekufa hivyo. Watu wa mji wana kiu lakini hawathubutu kusogea, kwa kuwa wanadhani yu hai na ameghadhibika. Siku zinapita. Anatumwa mama yake akamsihi, naye anakwenda, anasimama mbali, anamwita mwanawe kwa upole ili watu wapate kuteka maji.